Wakuu, nimealikwa kwenye majimoto ya kifahari huku Japani. Nakwepaje kuvua nguo?

Kijana wa Nagoya (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, wenye utani wawapishe wenye akili kwanza.

Niko Japani, mji wa Nagoya, nafanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari. Kuna watu wamenialika mwisho wa mwezi twende Gero, milimani huko mkoa wa Gifu, tukalale kwenye riokani, zile nyumba za wageni za asili za Kijapani. Na hii siyo ya bei ya kawaida. Ina mabafu ya majimoto ya ndani na ya nje kando ya mto, sauna, watu wa kukukanda mgongo, na chakula cha jioni kinachokuja kwa visahani kimoja kimoja mpaka unachoka.

Shida ni moja. Bafuni mnaingia uchi. Siyo bukta, siyo taulo, uchi kabisa, wanaume kwa wanaume. Kitaulo unachopewa hakitoshi hata kufunika paja, na hakiruhusiwi kugusa maji. Tangu nifike nchi hii nimekuwa nakwepa. Anayejua anisaidie: mtu anaweza kulala pale bila kuingia bafuni na asionekane kituko? Na sauna je, ni hivyo hivyo?

Mpiga Debe Mstaafu
Unalipiwa, unalishwa, unakandwa mgongo, halafu unakuja kutulilia sisi ambao maji yametoka saa nane usiku tukaamka kupanga ndoo. Haya, endelea.

Msukuma Original
Nimeweka kigoda hapa, wajuzi waje.

Fundi wa Yokohama
Mleta mada, tulia. Woga huo tumepita wote.

Ukifika unavua viatu mlangoni, unapewa ndala. Kwenye mikeka ya tatami hata ndala unaacha. Chumbani utakuta yukata, lile joho jepesi. Upande wa kushoto uwe juu ya kulia. Ukigeuza umejivalisha kama maiti, maana wao ndivyo wanavyomvalisha marehemu. Hilo ndilo kosa la kukuonea haya, siyo mwili wako.

Bafuni angalia pazia la mlangoni, wanaume mara nyingi bluu, wanawake jekundu. Angalia tena asubuhi, maana riokani nyingi hubadilishana mabafu usiku ili kila upande uonje yote. Nguo unaacha kwenye kikapu. Kabla ya kuingia majini unakaa kwenye kigoda kidogo mbele ya bomba, unajisugua sabuni, unajisuuza mpaka povu liishe. Bafu lile si la kujitakasa, ni la kujiloweka, na maji ni ya wote. Joto huwa nyuzi 40 hadi 42. Kitaulo wenyewe hukiweka kichwani.

Sauna ndiyo, uchi vilevile, unakalia taulo. Nyuzi 80, nyingine zinafika 90 na zaidi. Ukitoka unajimwagia maji kuondoa jasho, unaingia pipa la maji baridi, halafu unakaa nje kwenye kiti upepo ukupige. Ukiwa na presha hapo pa baridi usiguse kabla ya kumuuliza daktari. Na usiingie umelewa.

Watakuangalia? Mara moja, kama mtu anayeangalia saa ya ukutani, kisha kila mtu anarudi kwenye maji yake.

Jicho la Paka
Huyu ana tatuu. Weka wazi, mkuu. Umechora jina la nani?

Kijana wa Nagoya
Sina tatuu hata ya kalamu.

Fundi wa Yokohama
Ingekuwa tatuu ningekuelewa. Wakala wa Utalii wa Japani waliuliza mahoteli na riokani mwaka 2015, zaidi ya nusu ya waliojibu wakasema wenye tatuu hawaingii bafu la pamoja. Ni mambo ya kuwahusisha na yakuza, magenge ya uhalifu ya huku. Huna tatuu, huna presha, basi unaogopa nini?

Bi Zena wa Unguja
Mwanangu, haya unayoogopa ni haya yenye heri, usiiache. Sisi hapa Mjini tunalo hamamu tangu enzi za Seyyid Barghash, mtaa mpaka leo unaitwa Hamamni. Na lile la Kidichi alilijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ukienda utaona nakshi zake za maua kwenye kuta. Marehemu bibi yangu alikuwa akituhadithia habari za mvuke na za kukandwa. Lakini mwanamume na kikoi chake kiunoni, maana uchi wake ni baina ya kitovu na magoti, hata mbele ya mwanamume mwenzake. Hao Wajapani waambie una dini yako, watakuheshimu. Na hicho chakula uliza, mirin ni pombe ya mchele na wanaitia kwenye mchuzi karibu wa kila kitu.

Kijana wa Nagoya
Shikamoo Bi Zena. Mimi Mkristo, ila nashukuru.

Bi Zena wa Unguja
Marahaba. Kwani Mkristo hana magoti?

Msoma Vitabu
Kwa faida ya wengine: Gero si sehemu ya kubeza. Kwenye karne ya 17 msomi mmoja anaitwa Hayashi Razan aliandika kuwa majimoto matatu bora ya nchi ni Kusatsu, Arima na Gero. Na kule Yamanashi kuna riokani ya Nishiyama Onsen Keiunkan, ilianza mwaka 705, Guinness wanaitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Mwaka 705, wakuu! Kilwa yenyewe bado haijavuma.

Wakanai wa Nakuru
Sisi Kenya tuko na chemchemi za moto za Lake Bogoria. Huko hauogi, unachemsha mayai. Nilipeleka watu wa ofisi, boss akatoa viatu akasema maji iko sawa tu, anataka kupima na kidole. Tulirudi naye nyuma ya pickup mguu ukiwa juu. Mpaka leo hatujapata nyongeza ya mshahara.

Mama Kasuku
Wanaume mnajibu joto la maji, mimi nimesoma sentensi. "Kuna watu wamenialika." Watu gani? Mtu akialikwa na rafiki anasema rafiki. Akialikwa na bosi anasema bosi. Wewe umesema "watu" kama unamficha mtu nyuma ya mlango. Nani analipa?

Kijana wa Nagoya
Ni watu wa karibu tu, dada. Hilo siyo la msingi, la msingi ni taratibu za bafu.

Mama Kasuku
Wewe nieleze la msingi nitakalochagua mimi. Nani analipa?

Kijana wa Nagoya
Sawa. Anayelipa ni baba yake mchumba wangu.

Tunakwenda sisi watano: mzee, mama, mchumba, kaka yake na mimi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa na mzee zaidi ya kusalimiana. Mchumba kasema baba yake amefurahi sana, anataka tuoge pamoja. Kwa maneno hayo hayo: tuoge pamoja. Kwetu Kahama baba mkwe ukimwona njiani unampisha, unainamisha kichwa, hata kumtaja jina ni mzozo. Leo nikamkute mtupu kama alivyozaliwa, na mimi mtupu, halafu jioni tule wote? Nitamtazama wapi?

Mpiga Debe Mstaafu
YESU NA MARIA.

Msukuma Original
Nimeondoa kigoda, nimelala chini kabisa. Mtu wa Kahama aoge na mkwe!

Bi Zena wa Unguja
Astaghfirullah. Haya, kumbe ndilo lililokukaba.

Fundi wa Yokohama
Ungesema hivyo tangu mwanzo. Sasa nisikilize. Kwao, mzee kukuita bafuni ni kukufungulia mlango. Kule ndani hakuna cheo, hakuna suti, hakuna mgeni. Ukikataa hataona adabu yako ya Kahama, ataona umekataa mkono wake. Na jiandae: kwa desturi ya wazee, kijana ndiye anayemsugua mkubwa wake mgongo. Ukiwahi kumwomba wewe mwenyewe, mama mkwe atakuwa ameshapewa habari kabla hamjavaa.

Mpiga Debe Mstaafu
Amsugue mgongo. Mkwe. Mimi nimefunga simu kidogo nitembee.

Mama Kasuku
Na wazazi wako Kahama wanajua kuna mchumba? Mahari itatoka upande gani? Unajipeleka kwenye maji ya watu, mshenga hajafika hata mlangoni. Mdogo wangu alioa nje hivi hivi, ndugu wakaona picha za harusi kwenye simu ya jirani. Mama hakula siku mbili. Mpaka leo wifi yetu akipiga simu mama anajifanya mtandao mbaya.

Kijana wa Nagoya
Dada, mahari ni uzi mwingine. Na Fundi nakuelewa, ila suala la bafu la pamoja nimeshalimaliza. Nimemwambia mchumba nina tatizo la ngozi, daktari kanikataza kuchangia maji. Na nimelipia chumba kingine pale pale riokani, kile chenye bafu lake la nje kwenye roshani. 38,000 yen. Kwa hiyo naomba mjibu swali langu: nawezaje kuonekana nipo nao bila kuingia nao?

Jicho la Paka
Wakuu, hii ni chai. Tena ya tangawizi. Asubuhi alikuwa mgeni hajui sauna inavaliwa nini. Mchana ana baba mkwe. Jioni ana chumba cha roshani na ugonjwa wa ngozi. Kesho atakuwa na mtoto. Na hiyo 38,000 ya chumba mnaiamini? Fundi, wewe uko huko, riokani wanalipisha chumba au kichwa?

Fundi wa Yokohama
Kichwa. Bei inatajwa kwa mtu mmoja, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Mleta mada, kwenye malipo yako kulikuwa na kodi yoyote ya pembeni?

Msoma Vitabu
Mimi nilishaanza kutilia shaka pale aliposema "watu watano". Watunzi wa hadithi hupenda kaka wa mchumba.

Kijana wa Nagoya
Nitunge ili nipate nini, maziwa ya kwenye chai yenu? Kodi ya kuoga yen 150, inalipwa pale pale mapokezi. Na ni kichwa, ndiyo, kichwa changu. Mzee kachukua chumba kimoja cha wanaume, yeye, shemeji na mimi, na kingine cha mama na binti. Mimi cha kwangu nimekichukua pembeni. Nikishaaga kulala naondoka kimya kimya.

Fundi wa Yokohama
Basi si chai, maana yen 150 haitungwi na mtu aliyekaa Mwenge. Lakini umejiwekea mtego, sikia.

Umelipa na chakula, siyo? Magodoro yanatandikwa na wahudumu mkishamaliza kula. Saa kumi na mbili jioni mhudumu mmoja atapiga magoti mlangoni kwa mzee na sinia, vichwa vitatu. Mwingine atapiga magoti mlangoni kwa chumba chako, hakuna mtu. Atakutafuta. Riokani nzuri haiachi mgeni alale na njaa. Atakuja mpaka kwa mzee, atainama, atataja jina lako kwa sauti laini kabisa, na atauliza chakula cha chumba cha pili apeleke saa ngapi.

Halafu ngozi. Umewaambia watu wanaopika kwa mpangilio wa mgeni kwamba una ugonjwa. Mama mkwe ameshapiga simu kuuliza kama unakula uduvi.

Kijana wa Nagoya
Ameshapiga. Jana.

Wakanai wa Nakuru
Buda, hata Bogoria ilikuwa afadhali.

Kijana wa Nagoya
Cheka tu. Mimi nilifanya kwa heshima. Sijasema uongo wa kumuumiza mtu, nimesema uongo wa kumstahi mzee. Kuna tofauti. Na chumba sifuti.

Fundi wa Yokohama
Usifute. Wapigie simu riokani leo, waambie hicho chumba ni cha wazazi, kama zawadi kutoka kwako, uongeze kichwa cha pili, na mama ahame huko na mzee. Watapanga wenyewe bila kelele, hizo ndizo kazi wanazozipenda. Mzee na mkewe waoge kwenye roshani yao wakiangalia mto. Kuhusu ngozi, sema daktari kakuruhusu.

Bi Zena wa Unguja
Hilo la wazazi ndilo neno. Mzazi hapewi zawadi akakosa kumwombea dua mtoto.

Kijana wa Nagoya
Kichwa cha pili ni 38,000 nyingine!

Mama Kasuku
Kumbe mahari imeanza.

Kijana wa Nagoya
Nimepiga simu. Wamekubali. Yule mama wa mapokezi amefurahi kuliko mimi, kaniuliza kama mzee anapenda sake, pombe yao ya mchele, ya moto au baridi. Ila sasa mimi nimebaki chumba cha wanaume na shemeji, na mchumba kaniandikia kwamba shemeji naye anasema anapenda sana sauna.

Mpiga Debe Mstaafu
Shemeji si mkwe, mkuu. Shemeji ni mtani. Vua.

Fundi wa Yokohama
Ingia alfajiri kabla ya kifungua kinywa, watu ni wachache na mvuke mwingi. Na bado mzee anaweza kukufuata bafu kubwa, roshani au si roshani. Mgongo uko palepale.

Kijana wa Nagoya
Najua.

Jicho la Paka
Mimi nilisema chai, naiondoa nusu. Nusu nyingine inabaki mpaka risiti.

Kichuguu
Tuachane na mambo ya kuoga. Mleta mada, hicho kiwanda chenu bado kinachukua watu? Nina cheti cha VETA, uchomeleaji.

Msukuma Original
Na mimi, umeme wa magari.

Kijana wa Nagoya
Njooni PM. Mmoja mmoja.