Kupokea mfumo wa sprinkla nyumbani: mkandarasi ajipime mwenyewe, au nilete mhandisi wa nje?

Mjenzi wa Goba

Habari za jioni wanajukwaa. Ninajenga nyumba ya ghorofa moja hapa Goba, Dar es Salaam, na tumefika hatua za kumalizia. Niliamua kufunga mfumo wa sprinkla, yaani mabomba yenye vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukizuka, kwa sababu mama yangu mzazi atakaa nasi, na miguu yake haimruhusu tena kushuka ngazi kwa haraka. Sasa mfumo unatakiwa kupimwa na kukabidhiwa, nami nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni mkandarasi aliyeufunga aupime mwenyewe bila malipo ya ziada: atajaza maji, atafungua valvu ya majaribio, kengele italia, kisha tutasaini. Ya pili ni mhandisi wa nje anayetaka kupima kwa presha ya baa 13.8 kwa saa mbili na kuandika ripoti, lakini gharama yake inanifanya nisite. Ya tatu imetoka kwa fundi bomba wangu, ambaye anashauri tuokoe maji na muda kwa kujaza hewa ya kompresa na kuangalia kama geji itashuka. Naomba ushauri wenu, kwa kuwa ninapaswa kuamua kabla ya mwezi kwisha.

Mhandisi wa Presha

Ndugu Mjenzi, umetueleza njia na gharama, lakini mfumo wenyewe hujatueleza. Mabomba ni ya chuma, ya plastiki aina ya CPVC au PPR, au kitu kingine? Maji yanatoka wapi, kwenye bomba la DAWASA moja kwa moja au kwenye tanki, na tanki hilo ni la lita ngapi na liko kimo gani? Kuna pampu, na umeme ukikatika inaendeshwa na nini? Nje ya nyumba kuna kiungo ambacho gari la Zimamoto linaweza kuunganisha mpira wake? Dari limeshafungwa? Bila majibu hayo, kila atakayekujibu atakuwa anaizungumzia nyumba yake, si yako.

Fundi Chuma

Mimi nasema jambo moja tu kabla hujajibu: kama mabomba si ya chuma, tatizo lako si kupima. Nimefunga mabomba ya chuma kwenye hoteli na maghala kwa miaka mingi, na bomba la chuma halilegei kwa joto la darini. Kuhusu hewa, sioni ubaya wa wazo la fundi wako. Mabomba ya gesi tunayapima kwa hewa, tunapaka povu la sabuni kwenye maungio, na panapovuja panajionyesha.

Mtanzania wa Maryland

Salaam kutoka Maryland, Marekani. Huku sheria ya jimbo inazitaka nyumba mpya za familia moja ziwe na sprinkla, na kaunti ya Prince George's ilianza tangu mwaka 1992, kwa hiyo majaribio haya nimeyashuhudia mara nyingi kazini.

Kaka Fundi Chuma, kwa heshima, hewa iache kwenye gesi. Hewa ikishindiliwa hubeba nguvu nyingi, na bomba la plastiki aina ya CPVC likipasuka chini ya hewa hurusha vipande vyake kwa kasi inayoweza kumjeruhi mtu. Maji hayashindiliki hivyo, na bomba lililojaa maji likipasuka linavuja tu. Watengenezaji wa CPVC wanakataza kabisa kupima kwa hewa.

Kuhusu baa 13.8, kiwango cha Marekani kwa nyumba za familia moja na mbili, yaani NFPA 13D kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1975, kinatofautisha hali mbili. Kama kuna kiungo cha Zimamoto, mfumo hupimwa kwa baa 13.8, ambazo ni psi 200, kwa saa mbili, kwa sababu gari la Zimamoto linaweza kusukuma maji kwa presha kubwa kuliko ya nyumbani. Kama kiungo hakipo, hupimwa uvujaji kwa presha ya kawaida ya kazi. Huenda mhandisi wako anakupa kipimo cha jengo la biashara kwa bei ya jengo la biashara.

Mjenzi wa Goba

Ahsanteni, na niwieni radhi kwa kutotoa maelezo mapema. Mabomba ni CPVC ya rangi ya chungwa. Kiungo cha Zimamoto hakipo. Dari la jipsamu limefungwa chini, juu bado. Maji yanatoka kwenye simtanki la lita 1,000 lililo juu ya mnara, ambalo kitako chake kiko mita 9 hivi kutoka ardhini, na ndilo litakalohudumia vyoo na jiko pia. Mkandarasi ameweka pampu ndogo ya kuongeza presha kwa ajili ya sprinkla, inayotumia umeme wa TANESCO. Vichwa vyenyewe ni vile vinavyofichwa darini kwa kifuniko cheupe cha bati.

Mhandisi wa Presha

Sasa tunaweza kuzungumza, na swali lako la kwanza si nani apime bali kipimwe nini. Mwenzetu wa Maryland amesema kweli kuhusu presha. Kupima uvujaji kunakuhakikishia kwamba dari halitalowa, lakini hakukuhakikishii kwamba moto utazimwa. Moto unazimwa na mtiririko.

Kichwa cha kawaida cha nyumbani chenye K (namba inayoonyesha kinapitisha maji kiasi gani) ya 4.9 kwa vipimo vya Kimarekani hutoa takriban lita 49 kwa dakika kikipata presha ya baa 0.48, na kwa kichwa cha namna hiyo presha haipaswi kushuka chini ya hapo. Hesabu ya NFPA 13D inachukulia vichwa viwili vikifanya kazi pamoja katika chumba kimoja kwa dakika 10, yaani lita 98 kwa dakika na lita 980 kwa jumla. Tanki lako ni la lita 1,000, lakini bomba la kutolea maji haliko kwenye kitako kabisa, na maji hayohayo yanafulia na kuogea. Asubuhi ya siku ya kufua, tanki hilo halina dakika 10 ndani yake.

Kwa hiyo mwambie atakayepima, awe mkandarasi au mhandisi, afanye hivi. Kwenye maungio mawili yaliyo mbali na juu zaidi, kabla ya kufunga vichwa, aweke midomo yenye tundu sawa na la kichwa, aelekeze mipira ya maji kwenye pipa la lita 200, na awashe mfumo kwa tanki na pampu ileile itakayotumika. Pipa lijae kwa dakika mbili na sekunde chache. Likichukua dakika tatu, mfumo haujafaulu, hata kama kengele imelia vizuri. Kisha aache maji yaende mpaka dakika 10 ziishe, huku mtu mwingine akifungua bomba la jikoni. Juu bado hujafunga dari, kwa hiyo fursa hiyo unayo sasa, na ukishafunga jipsamu itakugharimu.

Bi. wa Nyali

Naomba niongeze tukio la nyumba ya shemeji yangu hapa Mombasa, kwa sababu linahusu pampu kama hiyo.

Siku ya makabidhiano kila kitu kilikuwa sawa. Tanki la ardhini lilikuwa limejaa, mkandarasi akafungua valvu ya majaribio, maji yakatoka kwa nguvu, kengele ikalia, karatasi zikasainiwa. Pampu ilikuwa ya aina inayojiwasha presha ikishuka, yenye kile kikasha cha kuizuia isizunguke bila maji. Miezi kadhaa baadaye maji ya bomba yalikatika kwa siku nyingi mfululizo na tanki la ardhini likakauka. Kikasha kikafanya kazi yake: kikaizima pampu, kikawasha taa nyekundu, kikangoja mtu abonyeze kitufe. Maji yaliporudi tanki lilijaa tena, lakini kitufe hakikubonyezwa na mtu, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikitumia tanki la juu na hakuna aliyekosa maji ya kuoga. Taa yenyewe ilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya mtungi wa gesi, imeshikwa na vumbi.

Ndipo soketi ya ekstensheni ilipowaka nyuma ya godoro katika chumba cha wageni. Kichwa kilipasuka kama kilivyotengenezwa kupasuka, yakatoka maji yaliyokuwamo ndani ya mabomba, kisha ikawa michirizi. Majirani waliingia na mitungi ya kuzimia moto na mchanga. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, lakini chumba kiliteketea. Mkandarasi alipoitwa alionyesha karatasi yake iliyosainiwa, na kwa kweli haikuwa na uongo wowote, kwa kuwa siku ile mfumo ulifanya kazi. Ila hakuna aliyejaribu kuona unafanyaje baada ya tanki kukauka na kujaa tena.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukimleta mtu wa kupima, mlazimishe akaushe tanki, alijaze, kisha aone kama pampu inaamka yenyewe. Na akate umeme kwenye swichi kuu, aone kinachotokea.

Mzee wa Tanga

Pole sana Bi. wa Nyali. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyahofia. Mwanangu Mjenzi, ondoa pampu kabisa. Maji yashuke yenyewe kutoka mnarani. Mvutano wa ardhi haukatiki kama umeme, wala hauna kitufe.

Mhandisi wa Presha

Shikamoo mzee. Wazo lako ni jema na ningelipenda, lakini kimo hakitoshi. Kila mita 10 za maji hutoa karibu baa moja. Kitako cha tanki kiko mita 9, na dari la juu la nyumba ya ghorofa moja liko kama mita 6, kwa hiyo vichwa vya juu vitapata baa 0.3 hivi kabla ya kuhesabu msuguano wa mabomba. Ili kupata baa 0.48 unahitaji karibu mita 5 za maji juu ya kichwa, ukiongeza zinazopotea njiani. Vichwa vya chini vinaweza kupata, vya juu havipati.

Mama wa Watatu

Samahani kwa swali la mtu asiye fundi. Kwenye filamu mtu akiwasha sigara vichwa vyote vinamwaga maji kwa pamoja. Siku nikiunguza wali jikoni, nyumba yote italowa? Na je, mitungi miwili ya kuzimia moto haitoshi?

Mtanzania wa Maryland

Dada, hicho cha kwenye filamu hakitokei. Kwa kawaida kila kichwa kina kichupa cha kioo chenye kimiminika, na hupasuka peke yake pale kilipo baada ya kupata joto lake: cha rangi ya chungwa ni nyuzi 57, chekundu 68, cha manjano 79, kijani 93. Moshi haukipasui, na kwa sababu hiyohiyo bado unahitaji ving'amuzi vya moshi, ambavyo huwaamsha watu mapema zaidi. Mitungi ni mizuri mikononi mwa mtu aliye macho, mzima wa viungo na aliyefundishwa kuitumia. Mama yake Mjenzi amelala juu na miguu yake haina nguvu.

Nikiwa hapo, ndugu Mjenzi, wapaka rangi wameshamaliza? Vifuniko vya vichwa vinavyofichwa hushikiliwa kwa solda, madini laini yanayoyeyuka kwa joto, na pembeni mwake huwa na uwazi mwembamba ambao ni lazima ubaki. Wapaka rangi huuziba kwa puti ili dari lionekane safi, wakakigandisha kifuniko. Kifuniko kilichopakwa rangi hakisafishwi, hubadilishwa, na kichwa chenyewe kikiguswa na rangi hubadilishwa vilevile. Yeyote utakayemchagua apite na ngazi akague kimoja kimoja.

Bi. wa Nyali

Na kwa nini mama alale juu? Huo nao ni usalama. Mhamishieni chini.

Mjenzi wa Goba

Bi. wa Nyali, tumelijadili hilo nyumbani. Chumba cha chini kinatazama barabara ya vumbi na mama ana pumu, lakini nitalirudisha mezani.

Hewa nimeiacha kabisa, na nimemwambia fundi hivyo leo. Mkandarasi amekubali jaribio la pipa, ila anasema kukausha tanki si sehemu ya mkataba. Mhandisi nimemwandikia kumuuliza bei ya kupima mtiririko na pampu bila ile presha ya saa mbili, na bado hajajibu. Wapaka rangi wamemaliza chini, na nimeshaona vifuniko viwili vilivyozibwa.

Fundi Chuma

Kuhusu hewa nimewasikia. Lakini mkandarasi anayejipima mwenyewe hawezi kujifelisha, na kwenye maghala mwenye kufunga hakuwa mwenye kusaini. Mhandisi akikataa, tafuta fundi mwingine yeyote asiye na mkono kwenye kazi hiyo, asimame kwenye pipa na saa. Hata kwa CPVC.

Mhandisi wa Presha

Naafiki, na tanki lipimwe likiwa katika hali yake mbaya zaidi. Ama uweke tanki la pili la sprinkla pekee, ama bomba la matumizi ya nyumbani litolewe juu kiasi cha kuacha lita za dakika 10 chini yake. Umeme wa TANESCO peke yake sikubaliani nao. Jenereta inayongoja kuvutwa kamba haisaidii usiku wa manane, bora inveta yenye betri.

Mzee wa Tanga

Inveta nayo ni kitu cha kuharibika. Mimi bado nasema mnara unyanyuliwe mpaka mita 12 na lita 2,000 ziwekwe juu. Mhandisi, nipigie hesabu ya nguzo kabla ya kunikatalia.

Mhandisi wa Presha

Lita 2,000 ni tani mbili za maji, mzee, bila uzito wa tanki na upepo. Nguzo za mita 9 hazirefushwi kwa kuunganishia vipande juu, na msingi lazima uangaliwe upya. Mjenzi atuambie kwanza mnara wake ni wa zege au wa chuma, na nguzo zake zina unene gani.