Gari la cc 996 au pikipiki ya cc 49 kwa anayetoka Kibamba kwenda Posta?

Mkazi wa Kibamba

Habari zenu, ndugu zangu. Naishi Kibamba, ndani kidogo ya Barabara ya Morogoro, na ofisi yangu iko Posta. Nimejiwekea akiba ya shilingi 7,000,000 kwa sababu nimechoka kugombania daladala alfajiri. Nimeona Toyota Passo ya cc 996, yenye namba ya usajili ya kundi la D, ambayo muuzaji anaitaka kwa milioni saba kasoro kidogo. Nimeona pia pikipiki ndogo ya mtumba kutoka Japani, ya cc 49, yenye matairi madogo na sehemu bapa ya kuwekea miguu, inayouzwa chini ya milioni mbili. Fundi anayeiuza anasema hainywi mafuta, inanusa tu. Nina mke, na mtoto wa miaka minne anayesoma chekechea huku huku Kibamba. Leseni yangu ni ya daraja D. Kwa mwenye kipato cha kawaida kama mimi, mngenishauri nichukue kipi?

Mhasibu wa Mbezi

Ndugu yangu, weka bei ya kununulia pembeni kwanza, utazame kile kitakachotoka mfukoni kila mwezi. Kutoka kwako hadi Posta ni zaidi ya kilomita 25, kwa hiyo kwenda na kurudi tuchukulie kilomita 55. Passo iliyo nzima, ikiwa kwenye foleni ya Ubungo na Magomeni, usiitegemee zaidi ya kilomita 14 kwa lita. Hizo ni lita nne kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni lita 88. Ukichukulia bei ya shilingi 3,000 kwa lita, umeshafika 264,000 kabla hujalipia maegesho ya mjini, ambayo huhesabiwa kwa saa ilhali wewe unakaa ofisini kutwa nzima. Pikipiki hiyo ikienda kilomita 40 kwa lita haitazidi lita 31 kwa mwezi, yaani kama 93,000. Bei ya mafuta hubadilika kila EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini uwiano kati ya vyombo hivyo viwili utabaki ule ule.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba Passo itameza akiba yako yote siku ya kwanza. Bima, uhamisho wa umiliki, matairi na betri utavilipia kwa fedha gani? Gari linalonunuliwa kwa senti ya mwisho huishia kulala uani likisubiri mshahara, na mwenye gari anarudi kituoni kugombania daladala ile ile.

Mama wa Kibaha

Hesabu ya mhasibu ni nzuri, ila imeiacha barabara yenyewe. Kutoka Kimara hadi Kibaha sasa ni njia nane, na watu wanaendesha kwa mwendo wa njia nane. Humo mna malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo, na mabasi ya mikoani yanayoingia na kutoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Pikipiki ya cc 49 ikishika kilomita 50 kwa saa imejitahidi, na kwenye mwinuko, tena ukiwa umempakia mtu, itapungua zaidi. Dereva wa lori anayekuja nyuma yako na makasha mawili hana pa kukukwepea. Tena matairi ya pikipiki hiyo ni madogo, kwa hiyo shimo ambalo pikipiki kubwa hulipita kwa kuruka kidogo, hiyo hutumbukia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mashimo hayo hufunikwa na maji, na pale Jangwani barabara hufungwa kabisa Mto Msimbazi unapofurika.

Kuhusu mtoto naomba nisizunguke: wa miaka minne miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, na kumsimamisha mbele kwenye ile sehemu bapa, kama tunavyoona kila asubuhi, ni kumfanya yeye ndiye wa kwanza kugonga. Wewe mwenyewe nunua kofia ngumu halisi, yenye mkanda unaofunga vizuri chini ya kidevu. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42, lakini si zile za plastiki nyepesi wanazopewa abiria wa bodaboda.

Fundi wa Kimara

Naongeza mambo ya gereji. Kwanza, namba D inakueleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuelezi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi. Passo ya cc 996 ina injini ya silinda tatu, kwa hiyo mtetemo kidogo inapounguruma ikiwa imesimama ni jambo la kawaida na usikutishe. Taimingi yake, yaani mpangilio wa kufungua na kufunga vali za injini, inaendeshwa na mnyororo, si mkanda, na mnyororo huo huharibiwa na mwenye gari anayechelewesha kubadilisha oili. Nenda asubuhi na mapema bila kumpigia muuzaji simu, ushike boneti kwa kiganja. Ikiwa na joto, injini imeshawashwa ili mlio wa mnyororo usiusikie, na hapo uliza kwa nini. Ikiwa baridi, iwashe mwenyewe, usikilize sekunde za mwanzo, kisha chomoa kijiti cha oili. Oili iliyo chini sana kwenye gari linalouzwa ni dalili mbaya kuliko rangi iliyochakaa.

Pikipiki hiyo nayo, kama ni ya zamani, huenda ikawa ya mfumo unaochoma oili pamoja na petroli, ile inayotoa moshi wa bluu. Vipuri vya Boxer na TVS unavipata kila mtaa. Vya hiyo utavizungukia Kariakoo, na mara nyingi utaambiwa uje wiki ijayo. Halafu leseni ya daraja D haikuruhusu kuendesha pikipiki yoyote, hata hiyo ndogo, kwa hiyo gharama ya mafunzo na ya kuongeza daraja iingie kwenye bajeti.

Mkazi wa Kibamba

Nawashukuru sana. Je, nikisubiri na kuagiza gari dogo moja kwa moja kutoka Japani, sitapata lililo bora kwa fedha kama hizo?

Mhasibu wa Mbezi

Kwa milioni saba, hapana. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kuna VAT ya asilimia 18, na gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15 ya uchakavu. Likizidi miaka kumi ni asilimia 30. Nafuu yako ni moja tu, kwamba injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ile asilimia 5 ya ushuru wa bidhaa inayotozwa ya cc 1300. Kabla hujamtumia mtu yeyote fedha, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, uweke aina na mwaka, uone kodi peke yake ni kiasi gani.

Ningekuwa wewe, ningenunua pikipiki ya cc 125 yenye vipuri vya mtaani, niiendeshe kutoka nyumbani hadi Kimara tu, tena kwa barabara za ndani kila inapowezekana, niiache kwa wale wanaotunza vyombo kwa malipo, kisha nipande mwendokasi ya Kivukoni. Kimara ndipo mabasi yanapoanzia, kwa hiyo ukiwahi unapata kiti, na unashuka Posta ya Zamani. Milioni zinazobaki ziache benki.

Mama wa Kibaha

Hapo naafiki, kwa sharti kwamba siku za mvua kubwa pikipiki ibaki nyumbani na mtoto aendelee kupelekwa shule kwa miguu.