Silverado ya 2004 imepandwa na mashetani ya umeme: nibadili boksi la bodi au kuna kitu sijaangalia?

Kijana wa Marangu
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko mliko.

Nina Chevrolet Silverado ya 2004, injini ya 5.3, niko Columbus, Ohio. Niliinunua ikiwa imeshatembea maili laki moja na themanini, na ndiyo inayonilisha maana wikiendi nahamisha watu vyombo. Injini haina neno, gia haina neno. Kinachonitoa jasho ni umeme wa ndani.

Ilianza mwezi wa pili. Usiku taa za kabini zinawaka zenyewe, gari iko nje imefungwa. Nikiwa barabarani lok za milango zinapiga ka-ka-ka kama mtu anacheza na swichi. Nikizima na kutoa ufunguo redio inaendelea kuimba hata nikifungua mlango na kushuka. Asubuhi betri imekufa. Betri nimebadili, haikusaidia. Wiki iliyopita ikaongezeka hii: taa ya SECURITY, ile ya kinga ya wizi, inawaka kwenye dashibodi, injini inashika sekunde mbili halafu inazima. Nikiiacha kidogo na kujaribu tena, inawaka kama si yenyewe.

Fundi mmoja alichomeka mashine, akapata U1064, akasema boksi linaloendesha umeme wa bodi limekufa. Kifaa kipya na kazi yake, dola 1,100. Nimepita skrepa nikaona boksi kama hilo kwa dola 45. Swali langu: nichukue la skrepa nichomeke mwenyewe? Litakubali, au kuna mambo ya programu?

Dada Zai
Kaka, uza hiyo gari kabla haijakuuza wewe. Toyota Tundra zipo.

Kijana wa Marangu
Dada yangu, Tundra kwa hela gani? Niombee tu.

Fundi wa Sharjah
Assalaam aleikum. Mimi mtu wa Mombasa, niko Sharjah miaka mingi, kazi yangu umeme wa magari. Hizi Silverado na Sierra za 2003 mpaka 2006 huku zimejaa, nimezishika mpaka nimezichoka.

Kwanza jina. Ukifungua kifuniko cha fyuzi ubavuni mwa dashibodi, upande wa mlango wa dereva, utaona fyuzi zimeandikwa TBC, yaani Truck Body Controller. Ndilo boksi hilo hilo. Watu wengi wanatafuta BCM (Body Control Module, jina lake la kawaida) kwenye kifuniko, hawaioni, wanadhani gari yao haina.

Pili, U1064 haisemi boksi limekufa. Inasema kompyuta nyingine imeliita boksi hilo na haikujibiwa. Mtu akiitwa asipoitika si lazima awe amekufa. Huenda amelala, huenda amefungwa mdomo. Boksi likikosa moto, yaani umeme unaoingia, haliitiki. Likikosa athi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, haliitiki. Waya wa mawasiliano ukikatika, haliitiki. Kwenye gari hii kompyuta zote zinaongea kwenye laini moja inayofika mpaka tundu namba 2 la soketi ya kupimia. Nimeletewa maboksi mazima kabisa, mwenyewe ameshanunua jingine, na ugonjwa ulikuwa athi.

Kwa hiyo usitoe hata senti bado. Anza na kitasa cha mlango wa dereva. Swichi inayoambia gari kwamba mlango uko wazi imo ndani ya kitasa chenyewe, ikinata taa haizimiki. Pulizia mafuta mepesi humo, fungua na kufunga mara ishirini. Halafu swichi ya umeme ya ufunguo: ikichakaa inaacha moto unapita hata ufunguo ukiwa mfukoni, na redio isiyozimika ni dalili yake mojawapo.

Kisha moto na athi za boksi lenyewe. Hapa tafadhali usipime na mita ya kidijitali peke yake. Waya uliooza ukabaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi kabisa, lakini ukiupa mzigo unakufa. Chukua taa ya kupimia, ile ya balbu. Ikiwaka kwa nguvu, waya mzima. Ikiwaka kama mshumaa, umemkamata mwizi.

Otieno wa Minnesota
Boss, swali moja tu. Umewahi kuinua kapeti ya upande wa dereva ukaishika na mkono? Hata si lazima uone maji, ishike tu. Na kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa? Gum ikikaa vibaya kwenye kona ya kushoto, maji hushuka ndani ya nguzo na kuangukia fyuzi na nyaya. Mimi yangu ilikuwa taa ya breki ya juu huko nyuma, gasketi yake ilikuwa imekauka, siti ya nyuma ikawa na harufu kama ya soksi.

Na huko kwenu wanamwaga chumvi barabarani kama sisi. Angalia athi zilizofungwa kwenye chesisi pia.

Mzee Kifimbo
Mimi nasema nunua jipya na umalize. La skrepa hujui limetoka kwenye gari iliyozama au iliyoungua.

Kijana wa Marangu
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nzima niko chini ya usukani, shingo imegoma.

Kitasa nimepulizia, hakuna mabadiliko. Moto na athi za boksi nimepima kwa taa ya balbu, zote zinawaka kwa nguvu. Halafu nikapima betri inavyonyonywa: nikafunga milango, nikasubiri nusu saa ili gari ilale, mita ikasoma kama miliampea 900. Nikatoa fyuzi za TBC, ikashuka mpaka 30.

Otieno, kapeti. Juu kavu, lakini sponji ya chini nimeikamua maji yakatoka. Na kioo cha mbele kilibadilishwa Novemba baada ya jiwe kukipasua. Nimemwambia mke wangu amwage maji taratibu kwenye kona, mimi nikiwa chini na tochi. Dakika mbili tu, tone la kwanza likanidondokea kwenye paji la uso.

Nikafungua plastiki ya mbele ya magoti na bati la nyuma yake, nikachomoa plagi moja ya boksi. Pini nne ni kijani kama mwani.

Fundi wa Sharjah
Basi hukumu imetoka. Hilo kweli limekwenda, na ungechomeka jipya bila kuziba maji, mvua inayofuata lingekwenda nalo.

Sasa la kununua. Mzee Kifimbo ana haki kwa upande mmoja, lakini boksi jipya hutoka tupu, halijui gari yako ina nini na haina nini. Bila programu hutapata lolote, ndiyo maana bei ile ni kubwa. La skrepa linakuja na kumbukumbu za gari lake la zamani. Ukilipata linalofanana, sehemu kubwa itafanya kazi.

Linganisha namba iliyo kwenye kibandiko cha boksi na yako, tarakimu kwa tarakimu. Kisha fungua kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, kwenye gari yako na kwenye ile ya skrepa, kuna kibandiko cha alama za vifaa gari ilivyotoka navyo kiwandani. Tafuta AU3, hiyo ni lok za umeme, na AU0, hiyo ni rimoti. Wewe unazo, ile haina? Achana nayo, au ujue utahitaji mtu wa programu. Na uchunguze pini zake kabla hujalipa.

Kabla ya kuchomoa, toa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa. Plagi za njano humo ni za eabegi, usiziguse. Plagi za gari yako upande wa waya uzisafishe kwa dawa ya umeme na brashi laini; pini ikiwa imelika, ibadilishwe, usiidanganye. Maili usiogope, zimo kwenye mita ya dashibodi, hazihami na boksi.

Otieno wa Minnesota
Naongeza hapo kwa SECURITY, maana hapo ndipo watu huita gari ya kuvuta bure. Ukiweka boksi lingine, injini itashika na kuzima. Usishtuke. Boksi hutuma neno la siri kwa kompyuta ya injini, na sasa neno ni geni, kwa hivyo nozeli zinanyimwa mafuta. Unaifundisha kompyuta ya injini neno jipya hivi: piga stata, injini izime, uache ufunguo kwa ON. Taa ya SECURITY itakaa kama dakika kumi ndipo izime. Izime kabisa, sio ukisia. Zima ufunguo sekunde kumi. Rudia hivyo mara mbili zaidi, jumla tatu. Ya nne unawasha na inashika. Weka chaja kwa betri, kwa sababu nusu saa na ufunguo kwa ON humaliza betri dhaifu, na ikikatika katikati unaanza upya.

Kijana wa Marangu
Ripoti. Nimepata boksi la Silverado ya 2005, namba ile ile, pini zinang'aa, dola 45 na kodi. Lok za umeme ina, rimoti haina. Nikaona bora hilo kuliko kungoja.

Kuweka ni dakika ishirini ukishajua bisibisi inaingia wapi. Kama Otieno alivyosema, ikashika ikazima. Nimekaa kwenye kiti na kahawa dakika thelathini na tano, mzungu jirani ananiangalia anadhani nimefukuzwa nyumbani. Mara ya nne ikashika na haijazima tena mpaka leo. Taa zinazimika, redio inanyamaza, betri asubuhi iko hai. Lok kwa swichi sawa, rimoti ndiyo hakuna.

Papa Safi
Ndugu, mie ni Mkongomani, niko Dayton. Niko na Tech 2, ile mashine ya kupima na kupanga kompyuta za gari kama hizi. Kama unaweza kufika siku ya Mungu nyuma ya kanisa, tunalifundisha lile boksi kama gari iko na rimoti, na tunaingiza rimoti zako mbili. Si kazi ya mingi.

Kijana wa Marangu
Papa Safi kamaliza kazi kwa dakika kumi na tano. Alikataa hela, nikamwachia dola 60 kwenye siti na ndizi nyama za mke wangu kwenye bakuli. Bakuli nitalifuata.

Waliobandika kioo wamekubali kukitoa na kukibandika upya bila malipo, ila nafasi ni Alhamisi. Mpaka hapo nimefunika kona kwa turubai na gundi ya karatasi, inatia aibu.

Dada Zai
Jumatano mvua. Tundra bado zipo.