Wembe wa mwanga

Idi: Shikamooni wakubwa zangu. Mjomba, upo hewani?

Mjomba: Marahaba. Nipo mpwa wangu, sema.

Idi: Jumapili ulipokuja nilikuona unavyoikwepa kola ya shati. Shingo yote vipele vya ndevu, vingine vimetunga usaha. Tangu siku ile sijatulia. Nataka kutengeneza mashine ya kunyolea inayotumia leza. Hakuna chuma kinachogusa ngozi.

Dada: Leza kama ile ya kuchongea mbao kazini kwenu?

Idi: Ndugu yake mdogo. Na nimeshaanza kujaribu. Ngojeni niandike vizuri.

Idi: Jana baada ya kazi niling'oa unywele wangu mmoja, nikaunyoosha kwenye kifremu cha bati na kuubana kwa gundi ya karatasi huku na huku. Nikauweka ndani ya mashine ya kuchongea. Leza yake ni ya bluu, nanometa 450 (ndicho kipimo cha rangi ya mwanga), wati 5, na ina kifuniko kinachozuia mwanga usitoke. Nikafunga, nikavaa miwani ya kinga, nikapitisha mwale mara moja. Ukakatika. Nikauchukua nikautazama kwa kioo cha kukuzia. Ncha haikuwa ya mshazari kama inavyoachwa na wembe. Ilikuwa imejikusanya ikawa kitone cheusi, mviringo kabisa, kama kichwa cha pini.

Mama Mdogo: Na harufu je?

Idi: Ilikuwepo, Mama Mdogo. Ileile ya nywele zilizoungua, inatokana na salfa iliyomo kwenye keratini, ile protini inayojenga nywele. Unywele mmoja tu, lakini nilipofungua kifuniko harufu ilinipiga usoni. Kwa hiyo mashine itahitaji feni ndogo na kichujio, maana moshi ule si wa kuvuta kila asubuhi.

Mjomba: Hicho kitone cha mviringo kitanisaidia nini mimi?

Shangazi: Nimjibie, shemeji. Ndevu zako ni za kipilipili. Wembe unaukata unywele mshazari, unabaki na ncha kama mkuki. Zile nyembe za makali mengi ndiyo zaidi, zinauvuta kwanza ndipo zinaukata, ukiachiwa unarudi chini ya ngozi. Sasa unywele wenyewe umejipinda. Ukianza kukua unatoboa ngozi kutokea ndani kwa ndani, au unatoka nje kisha unageuka na kuingia tena pembeni. Mwili unauchukulia kama mwiba. Vipele ndivyo hivyo. Si uchafu wako, na wala si kwamba umeambukizwa na kinyozi.

Mjomba: Miaka yote hii nasugua shingo kwa sabuni ya dawa.

Shangazi: Na ukisugua unazidi kuichokoza. Pole sana.

Binamu: Idi, nina swali. Betri utatoa wapi? Leza si inakula umeme?

Idi: Hapo ndipo nilipodhani nitakwama, nikakaa nikapiga hesabu. Chukua unywele wa ndevu wenye unene wa mikromita 100. Uunguze kipande cha urefu wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hicho tu, ili ukatike. Kipande hicho kina uzito wa mikrogramu moja hivi. Maji yaliyokwisha chemka, kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji juli 2,260 za nishati kwa kila gramu. Mimi nikaupa unywele juli 3,000 kwa gramu ili nisijidanganye. Jibu ni milijuli 3 kwa unywele mmoja. Tuseme ndevu 10,000, ni juli 30. Tuseme sehemu tisa kwa kumi za mwanga zinapotea njiani, ni juli 300. Betri ile ndogo ya rimoti ina juli kama 5,000.

Binamu: Hata leza yenyewe ikipoteza nusu ya umeme kwa joto?

Idi: Hata ikipoteza zaidi ya nusu. Betri si tatizo kabisa.

Binamu: Basi mbona hatunyoi kwa leza sote? Leza ya kwanza ilitengenezwa na Mmarekani Theodore Maiman mwaka 1960. Muda wote huo hakuna aliyewaza hili?

Dada: Wapo waliowaza, tena wakawavuta watu. Nimetafuta sasa hivi. Mwaka 2015 kampuni inaitwa Skarp ilichangisha kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, ili itengeneze wembe wa leza. Waliomba dola 160,000. Watu zaidi ya 20,000 wakaahidi zaidi ya dola milioni 4! Oktoba mwaka uleule Kickstarter ikasimamisha mchango, kwa sababu kanuni zinataka mfano unaofanya kazi na wao hawakuwa nao wa kuridhisha. Video waliyoonyesha ilikuwa inakata nywele chache, polepole. Idi, nakuomba kama dada yako, usije ukapokea hela ya mtu yeyote kwa jambo hili kabla halijakata ndevu.

Idi: Sipokei hata senti, Dada. Na wao nimewasoma. Wazo lao lilikuwa zuri kuliko watu wanavyolisema. Mwanga unapita ndani ya uzi mwembamba wa kioo, umefungwa humo, hautoki. Uzi ukigusana na kitu kinachopinda mwanga kuliko kioo chenyewe, mwanga unavujia kwenye kitu hicho. Kipimo cha kupinda mwanga cha kioo cha namna ile ni kama 1.45, cha unywele ni kama 1.55. Kwa hiyo unywele ukigusa uzi, mwanga unauingia. Ukikaa nalo unaona kabisa lilivyowavuta.

Shangazi: Na ngozi ikigusa uzi?

Idi: Hapo ndipo, Shangazi.

Shangazi: Tabaka la juu kabisa la ngozi nalo ni keratini, kama unywele. Na uso una mafuta na jasho. Huo uzi wao utajuaje umeguswa na nini?

Idi: Haujui.

Shangazi: Sasa nisikilizeni, maana hili ninaliona kazini. Leza zetu za kliniki hazikati nywele, zinaua shina. Kanuni yake waliiandika watafiti Anderson na Parrish mwaka 1983. Chagua rangi ya mwanga inayonywewa na kitu unachotaka kukiunguza, kisha piga pigo fupi la mwanga, liishe kabla joto halijasambaa kwa majirani. Kwenye nywele, kinachounywa mwanga ni melanini, ile rangi nyeusi ya asili. Na melanini imo kwenye ngozi pia. Mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, kazi ni rahisi. Sisi ngozi yetu ina melanini ya kutosha, ndiyo maana mtu mweusi hatumpigi nanometa 755, tunatumia 1064 ambayo melanini inainywa kidogo, tena tunapoza ngozi kila wakati. Nimeshawahi kumhudumia dada aliyepigwa leza isiyo yake mahali fulani. Alibaki na alama za mraba mraba mguuni, umbo la kichwa cha mashine, kama amepigwa mihuri. Idi mwanangu, leza haijui huu ni unywele na hii ni ngozi. Inachokijua ni weusi.

Mama Mdogo: Ee Mungu. Idi usimguse kaka yangu na hicho kitu.

Babu: Nami niulize. Wenye mvi je?

Idi: Shikamoo Babu. Nilikuwa nakuja kwako.

Babu: Marahaba mjukuu wangu.

Idi: Zile mvi nilizookota kwenye kitana chako nilizijaribu usiku uleule. Kasi ileile, wati zilezile. Mara ya kwanza mwale ulipita kama hapana kitu. Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipozitazama kwa kioo zilikuwa zimepata umanjano kidogo tu katikati, hazijakatika. Mpaka nilipopunguza kasi ya mwale mara kumi. Mvi hazina melanini, kwa hiyo karibu hakuna cha kuunywa mwanga.

Babu: Kwa hiyo mashine hiyo itanyoa weusi na kuacha weupe.

Idi: Kwa leza hii niliyonayo, ndiyo. Ipo leza ya hewa ya kaboni dayoksaidi, nanometa 10,600. Hiyo haijali rangi, inanywewa na chochote chenye maji au keratini. Lakini ndiyo hiyo madaktari wanayokatia ngozi. Na bomba lake la kioo ni refu kuliko mkono wangu.

Shangazi: Na hiyo kwa vyovyote isielekezwe kwenye shingo.

Idi: Shangazi, jambo hilo la weusi hata mimi nimelifikiria mchana kutwa, na nakubaliana nawe. Nimeacha kutafuta mwanga wenye akili ya kuchagua. Nataka mwale usikutane na ngozi kabisa. Fikirieni kitana kidogo kilicholala juu ya shavu. Meno yake yanatelezea kwenye ngozi, nywele zinasimama katikati ya meno. Mwale haushuki kuelekea kwenye uso. Unapita sambamba na ngozi, juu yake, unatokea upande mmoja wa kitana na kuishia upande wa pili kwenye kibati cheusi kinachoumeza. Kitakachokatiza njia yake ni unywele tu.

Binamu: Kama uzi wa mwashi unaopita juu ya matofali.

Idi: Umenielewa hasa!

Shangazi: Shingo si tofali. Ni laini, ukikandamiza inafura katikati ya meno.

Idi: Ndiyo maana nilichemsha agari, ile jeli ya mwani, nikaitia wino mweusi, nikaiacha igande iwe kama ngozi nyeusi yenye maji. Nimeikandamizia vitana viwili nilivyokata mwenyewe. Kitana chenye nafasi ya milimita 3 kati ya jino na jino, jeli ilifura mpaka ikafika kwenye njia ya mwale, ikapata mtaro mdogo wa kuungua. Huo mtaro ungekuwa shingo ya Mjomba. Kitana cha milimita 1.5, mwale ukiwa nusu milimita juu ya jeli, nilipitisha mara ishirini na sikuona alama. Ila nilikandamiza kwa mkono tu, bado sijapima nguvu kwa mizani. Hiyo ni kazi ya wiki ijayo.

Shangazi: Na pigo lina urefu gani?

Idi: Kwa unywele wa unene ule joto linaanza kutoroka baada ya milisekunde chache, tatu nne hivi. Napanga pigo la milisekunde 1. Maana yake leza iwe na wati 3 kwa uchache wakati wa pigo, na kwa kuwa mwanga mwingi unapotea, nyingi zaidi ya hizo.

Shangazi: Hapo umevuka nusu wati, umeingia daraja la 4, la mwisho kwa hatari. Ikilichoma jicho, jicho hilo halitarudi. Na ukienda kwenye dayodi (leza ndogo za umeme) za nanometa 808 kama wengi wanavyofanya, jicho haliuoni mwanga ule, kope hazitafumba. Mtu anaunguzwa retina, pazia la nyuma ya jicho, bila kujua.

Mama Mdogo: Na watoto wanaochezea kila kitu bafuni?

Idi: Nimeweka vihisio vinne, kila pembe ya kitana. Vyote vinne visipogusa ngozi, leza haiwaki. Ukiinua pembe moja tu inazima. Na mpaka vihisio hivyo vithibitike, Mama Mdogo, kila jaribio ni ndani ya kisanduku kilichofungwa. Hakuna mtu atakayewekewa usoni, hata mimi mwenyewe. Hilo naliahidi hapa mbele ya wote.

Dada: Screenshot nimepiga.

Mama Mdogo: Nimeisoma mara mbili. Sawa.

Binamu: Lakini kuna jambo. Mwale ukipita nusu milimita juu ya ngozi, ina maana ndevu zitabaki nusu milimita. Nani atanunua mashine inayoacha vishina? Watu wanataka shavu liteleze.

Idi: Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nikishusha mwale naunguza. Nikiuacha juu sinyoi vizuri.

Mjomba: Idi.

Idi: Naam Mjomba.

Mjomba: Mimi sijawahi kukuomba shavu linaloteleza. Nataka nivae kola. Nataka niamke mto usiwe na damu. Nusu milimita inanitosha.

Shangazi: Na kitabibu ndivyo inavyotakiwa, shemeji. Mwenye vipele vya ndevu tunamwambia asinyoe mpaka chini, aache kidogo, unywele usipate nafasi ya kuzama ndani.

Idi: Mjomba, umenifungulia mlango. Nilikuwa napigania kitu ambacho hukihitaji.

Shangazi: Basi niseme na la pili, Idi usivunjike moyo. Nusu milimita hadi milimita moja, mashine ya kawaida ya kinyozi inaiacha, ukiitumia na kile kitana chake cha mbele. Shemeji asisubiri leza. Aanze leo. Aache wembe kabisa, kwa wiki tatu nne vipele vilivyopo vinyauke. Na vyenye usaha avionyeshe kwa daktari, asivikamue.

Idi: Hakuna cha kuvunjika moyo hapo, Shangazi. Ni kweli. Mjomba, anza na mashine. Mimi naendelea. Chuma cha kinyozi kinapita shingo hii kinahamia shingo ile, na kinaacha ncha kali hata kama ni ndefu. Mwale hauhamishi damu ya mtu, na unaacha kile kitone. Nataka nijue kama unywele wenye kitone unashindwa kutoboa ngozi. Hilo sijaliona likipimwa, na naweza kulianza kwenye jeli.

Mjomba: Mashine ninayo kabatini, kitana chake nilikitupa. Nitatafuta kingine kesho asubuhi.

Babu: Idi, mvi nyingine nimekuwekea kwenye bahasha. Zile ulizochukua zilikuwa za kichwani. Hizi ni za kidevuni, ni nene zaidi.