Nimevunjika mguu, niko ndani wiki ya sita: naomba msaada kuhusu choo, usingizi na goti

Bosi Mtarajiwa (Jumanne, saa 4:10 usiku)
Wakuu habari za usiku. Naandika nimelala chali, mnisamehe makosa ya herufi.

Nimevunjika mguu wa kulia, mfupa wa muundi, katikati kabisa. Ni ajali ya pikipiki na mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Gari dogo lilinichomekea Barabara ya Kilwa natokea Rangi Tatu, halikusimama. Hospitali walipiga picha, wakavuta mguu, wakanifunga hogo la plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka pajani, wakaniazima magongo na kunipa tarehe ya kliniki. Leo ni wiki ya sita niko nyumbani.

Shida zangu. Kwanza choo. Tumepanga chumba kimoja Mbagala, mimi, mke na mtoto wa miaka mitatu. Choo kiko nje, cha kuchuchumaa, tunachangia kaya tano na kina kizingiti cha juu. Mke anatoka saa kumi alfajiri kwenda kukaanga maandazi, anarudi saa nne. Katikati hapo nabana. Juzi nilishindwa kubana, naomba niishie hapo.

Pili, usingizi. Mguu unapwita usiku kucha, na mtoto akigeuka ananipiga teke palepale.

Tatu, goti linagoma kukunja. Kuna mazoezi gani ili liwahi?

Msinitukane tafadhali.

Kisoda
Pole mkuu. Kongoro. Asubuhi kongoro, jioni kongoro. Umemaliza kesi.

Chuma Chakavu
Pole, lakini tuseme ukweli. Ninyi bodaboda ndiyo mnaochomekea watu, leo umechomekewa unalia. Kofia ulivaa?

Wakili Uchwara
PF3, ile fomu ya matibabu, ulichukua polisi? Pasipo PF3 kesi inakuwa ngumu. Gari lililokugonga lazima lina bima angalau ile ndogo, na bima ile ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Tafuta mashahidi, tafuta kamera za maduka ya jirani. Mimi mwaka jana niligongewa gari langu likiwa limesimama, limesimama kabisa, nikazungushwa miezi minane na kampuni ambayo sitaitaja...

Kisoda
Wakili, mwenzako anaulizia choo.

Mama Tatu
Mwanangu pole sana. Hilo la choo nalijua, marehemu baba alivunjika nyonga akakaa kwangu Tandika miezi saba.

Chukua kiti cha plastiki kile cha kawaida, chenye mikono. Usinunue kipya, kipya kinateleza. Weka kisu kwenye moto wa mkaa mpaka kiwe chekundu, kata tundu katikati ya kiti, kubwa kama sahani ya chai. Kata taratibu, plastiki inatoa moshi mkali. Ukimaliza sugua kingo kwa jiwe au msasa, usiache hata ncha moja, utanikumbuka. Kisha tafuta ndala zilizokwisha, kata vipande vinne, funga chini ya miguu ya kiti kwa mpira ili kisiteleze kwenye sakafu yenye maji. Kinakaa juu ya shimo lenyewe. Baba alikipenda mpaka akapona hakutaka kukiacha.

Usiku na alfajiri tumia kopo. Kopo lenye mfuniko! Hakuna aibu kwenye ugonjwa. Mtoto alale upande wa mguu mzima, ukutani pawe na mguu mbovu. Au alale chini kwa sasa, watoto hawajali.

Bosi Mtarajiwa
Mama Mungu akubariki. Kiti kipo, cha mwenye nyumba, nitamwomba.

Chuma Chakavu
Utatoboa kiti cha mwenye nyumba? Haya.

Zuhura wa Pwani
Akioga afunge mguu na mfuko wa rambo usiingie maji.

Kisoda
Rambo zilipigwa marufuku 2019 dada, unataka afungwe na mguu mwingine?

Nesi wa Zamu
Pole kaka. Mguu uinue kwa mito miwili mitatu, kisigino kiwe juu ya usawa wa moyo, kupwita kutapungua. Vidole vichezeshe kila saa ukiwa macho. Uzito wa mwili kwenye magongo uwe viganjani, usining'inie kwapani, mishipa ya mkono itakufa ganzi. Kizingiti: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia. Kama unavuta sigara acha, inachelewesha mfupa.

Ila nimesoma mara mbili na kuna kitu sielewi. Hogo la mpaka pajani haliruhusu goti kukunja hata kidogo, ndiyo kazi yake. Wewe umejuaje kwamba linagoma?

Bosi Mtarajiwa
Nesi mimi nimeuliza mazoezi tu, kwa ajili ya baadaye.

Nesi wa Zamu
Hogo liko wapi?

Kisoda
Mwenye uzi amekwenda kukojoa, subirini afike kwenye kizingiti.

Bosi Mtarajiwa (Jumatano, saa 12:30 asubuhi)
Sawa nitasema, lakini msikie kwanza mpaka mwisho.

Hogo limetolewa Jumamosi ya wiki iliyopita. Kuna mzee Mkuranga anaunga mifupa, watu wawili wa kijiweni kwetu wamepona kwake na leo wanaendesha. Alililoweka kwa maji ya moto, akalikata kwa kisu, akapaka samli na majani, akafunga vipande vya mianzi pande nne kwa kitambaa. Akasema magongo yanalemaza mguu, nikayarudisha. Gharama laki na nusu, nimeshalipa elfu themanini. Jumapili hii ndiyo mara ya tatu, atanikanyagisha.

Kabla hamjaanza. Hospitali walisema miezi mitatu mpaka minne, na kliniki unakaa kwenye benchi kutwa nzima. Pikipiki ni ya mkataba, elfu kumi kwa siku, zimebaki siku 61 iwe yangu. SITINI NA MOJA. Nimemweka deiwaka aendeshe badala yangu, leo analeta kumi, kesho sita, keshokutwa hapokei simu. Mwenye chombo kasema mwisho wa mwezi. Ninyi mngefanyaje?

Nesi wa Zamu
Kaka sikutukani. Muundi wa mtu mzima kwa wiki sita haujashika wa kubeba mwili. Miezi mitatu ni ya mtu mwenye bahati, wengine inafika sita. Ukikanyaga Jumapili unaweza kupinda au kuachia kabisa, na hapo unaingia upasuaji, unafungwa antena, vile vyuma vya nje ya mguu, mwaka umekwisha. Hizo siku 61 utazisahau.

Nijibu: vidole vina ganzi? Vina rangi gani? Shavu la mguu limevimba?

Bosi Mtarajiwa
Ganzi usiku tu. Vina ubaridi kidogo lakini naona ni feni.

Nesi wa Zamu
Feni imepoza mguu mmoja? Legeza hivyo vitambaa sasa hivi, sasa hivi, mguu ubaki umelala kwenye mto, na uende hospitali leo. Kitambaa kikikaza kuliko damu inavyotaka kupita, utapoteza mguu na si mfupa tu. Ukisikia kifua kinabana au pumzi inakatika usingoje mtu.

Msomi wa Kijiji
Napinga. Tiba zetu tusizidharau. Kabla wakoloni hawajaja watu walivunjika na wakatembea.

Mjukuu wa Fundi
Mkuu Msomi, mimi babu yangu mzaa mama alikuwa akiunga mifupa, watu walikuja na baiskeli kutoka mbali. Kidole, mkono, sawa, wengine walipona vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini mjomba alivunjika muundi kama mleta uzi. Babu akachukua kuku, akamvunja mguu palepale, akawafunga wote wawili majani yaleyale. Kuku akianza kutembea, na mjomba anatembea, ndivyo alivyosema. Baada ya wiki tatu kuku anakimbia uwanja mzima. Mjomba akaambiwa inuka.

Leo ana miaka hamsini na mbili na mguu mmoja mfupi, kila kiatu cha kushoto anapeleka kwa fundi kiongezwe soli. Kuku tulimla Idi.

Kisoda
Ndiyo maana nilisema kongoro na sikusema kuku.

Pekua Pekua
Samahani wanajamvi, kabla hamjaendelea kutoa machozi. Nimepitia nyuzi za huyu Bosi Mtarajiwa. Mwezi wa pili kafungua uzi: ana milioni kumi na moja, achukue gari gani, IST au Passo. Mwezi wa nne anaulizia bati za msauzi kwa nyumba yake ya Chanika. Leo ni bodaboda wa chumba kimoja, kakopa kiti cha mwenye nyumba na anasaka laki na nusu. Hii ni CHAI, hadithi ya kutunga, na sukari imezidi.

Chuma Chakavu
Nilijua! Nilijua tangu kwenye kizingiti. Mtu ana maumivu ya mfupa anaandika na nukta na mkato?

Msomi wa Kijiji
Nafuta pole yangu.

Mama Tatu
Mimi sifuti. Kama ni uongo basi mtu fulani amejifunza kutengeneza kiti.

Wakili Uchwara
Kisheria, kudanganya mtandaoni...

Kisoda
Wakili kalale.

Pekua Pekua
Mleta chai alete picha ya mguu, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni.

Bosi Mtarajiwa (Jumatano, saa 8:05 mchana)
Siyo chai. Simu yangu ilipasuka kwenye ajali. Hii ni simu ya zamani ya shemeji, kaka wa mke wangu, alinipa niwe napiga. Nilikuta jukwaa liko wazi kwa jina lake, sijui namna ya kutoka na kufungua langu. IST ni yake. Nyumba ya Chanika ni yake.

Pekua Pekua
Shemeji ana IST, ana nyumba, anakuacha ukafungwe mianzi Mkuranga? Chai imeongezwa tangawizi.

Nesi wa Zamu
Umelegeza vitambaa?

Bosi Mtarajiwa
Nimelegeza nesi. Kuna alama zimeingia ndani ya ngozi kama za kamba ya mbuzi. Vidole vimeanza kuchomachoma.

Kuhusu shemeji. Mwenye pikipiki ni yeye. Ndiyo maana sikutaka kusema.

Zuhura wa Pwani
Subhanallah.

Chuma Chakavu
Kwa hiyo mtu anakudai hesabu huku mguu wa mume wa dada yake unaning'inia? Ndugu wa mke hao, nimewasema humu miaka yote mnaniita mchawi. Wa kwangu alinikopesha mifuko kumi ya saruji, akaja kuihesabu ukutani.

Msomi wa Kijiji
Biashara na undugu ni vitu viwili. Mkataba ni mkataba.

Kisoda
Swali dogo. Akaunti ni ya shemeji. Shemeji akiingia leo usiku anasoma nini?

Bosi Mtarajiwa
Eeh.

Bosi Mtarajiwa
Namna ya kufuta uzi ni ipi wakuu?

Pekua Pekua
Haufutiki. Umeshanukuliwa.

Bosi Mtarajiwa (Jumatano, saa 11:20 jioni)
Habari zenu. Mimi ndiye mwenye akaunti hii, nimeingia kwa kompyuta ya ofisini nikakuta majibu chungu nzima nikadhani ni kuhusu bati. Nimesoma yote. Sijawahi kusema nachukua pikipiki.

Bosi Mtarajiwa
Shem ulisema mwisho wa mwezi.

Bosi Mtarajiwa
Nilisema mwisho wa mwezi tukae tuzungumze! Nilimwambia dada tusimamishe hesabu mpaka upone. Na huyo mzee wa Mkuranga nani kakupeleka?

Bosi Mtarajiwa
Dada yako.

Kisoda
Wakuu naomba kuthibitisha, huyu mtu anagombana na nafsi yake au mimi ndiye nimekunywa?

Pekua Pekua
Miaka tisa nipo humu, hii ndiyo mara ya kwanza naona chai inajikoroga yenyewe.

Chuma Chakavu
Mke alipewa ujumbe akaukalia. Andikeni jina langu, mimi ndiye niliyesema kwanza.

Mama Tatu
Hukusema. Na mwanamke anayeamka saa kumi kukaanga maandazi anaweza kusahau ujumbe, muacheni.

Nesi wa Zamu
Sijali ni watu wangapi. Mwenye mguu, uko njiani au bado uko kitandani?

Bosi Mtarajiwa
Kitandani.

Bosi Mtarajiwa
Natoka kazini sasa, nampitia. Foleni ya Mtoni Mtongani nayo ndiyo hiyo. Nesi, akae mbele au nyuma?

Nesi wa Zamu
Kiti cha nyuma, akae kwa urefu, mguu juu ya mto. Mianzi iacheni ilivyolegezwa, isikazwe tena njiani. Waambie ukweli wote, samli na majani pia, wasije wakadhani ni ugonjwa wa ngozi. Na picha za kwanza mbebe.

Pekua Pekua
IST inatosha kulala mtu kwa urefu?

Kisoda
Ndiyo maana walimwambia achukue Passo... hapana, hiyo ndiyo ndogo zaidi.

Mama Tatu (Alhamisi, saa 3:00 asubuhi)
Nimelala nikiwaza huyu mtoto. Magongo alirudisha. Ya marehemu baba yapo stoo hapa Tandika, ya chuma chepesi, yana vitufe vya kupandisha na kushusha. Mpira wa gongo moja umekwisha, ubadilishwe. Siuzi. Yakimaliza kazi yarudi.

Bosi Mtarajiwa (Alhamisi, saa 6:45 mchana)
Mama bado yapo? Nakuja kuyachukua saa kumi na moja.

Pekua Pekua
Nani anakuja, mgonjwa au shemeji?

Bosi Mtarajiwa
Mgonjwa atakujaje?