"Dirt" ya Kiingereza ni uchafu au udongo? Na asili yake?

Mfasiri wa Pwani
Habari zenu wakuu. Nafasiri mwongozo wa bustani kutoka Marekani na kila ukurasa nakutana na "dirt". Kamusi inanipa uchafu, taka. Sasa "fill the pot with dirt" niandike jaza chungu uchafu? Na je, neno hili lina undugu na "filth"?

Wino Mweusi
Andika "jaza udongo". Kwa Mmarekani "dirt" ni udongo wa kawaida, hauna kinyaa. Mwingereza bustanini husema zaidi "soil" au "earth". Chunga na haya: "dirt road" ni barabara ya vumbi (ukiiita barabara chafu msomaji ataona maganda ya ndizi), "dirt floor" ni sakafu ya udongo, "dirt cheap" ni bei chee. Kumtafutia mtu "dirt" ni kumchimbua maovu yake.

Mofimu
Limetoka Kinorse cha kale, lugha ya Waviking: "drit", yaani mavi. Kiingereza cha zama za kati kilisema "drit" vilevile, kisha r na irabu zikapishana, kama "brid" ilivyokuja kuwa "bird". Kutoka mavi hadi udongo wa maua, si haba!

"Filth" ni ukoo mwingine, ni mtoto wa "foul". Kiingereza cha kale kilikuwa na "ful", -chafu au iliyooza, likaongezwa kiambishi tamati cha kuunda nomino, -th. Zamani kiambishi hicho kilianza na i, nayo ikaivuta u ya shina mbele ya kinywa, ndiyo maana irabu hazifanani. Tazama "long" na "length", mchezo ni uleule. Mzizi huo kwenye Kilatini ulianza na p, ukazaa "pus", usaha. P hiyo katika lugha za Kijerumani iligeuka f: "pater" kule, "father" huku.

Mfasiri wa Pwani
Shukrani. Na "soil" je? Mbona nayo ni udongo na papo hapo ni kuchafua?

Mofimu
Ni maneno mawili yaliyogongana sura, yote yamepitia Kifaransa. La udongo huhusishwa na Kilatini "solum", ardhi. La kuchafua na "sus", nguruwe. Kwa hiyo "soiled sheets" ni mashuka machafu tu.

Wino Mweusi
Ukifika sura ya mbolea, angalia "night soil". Ni kinyesi cha binadamu kilichokuwa kikizolewa vyooni usiku. Usije ukaandika udongo wa usiku.