Santuri ya Mr. Bad Guy (1985): sauti nzito, mwisho wa upande inakwaruza. Ni miksi au mashine?

Kijitonyama_LP
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua santuri.

Nina Mr. Bad Guy, albamu ya kwanza ya Freddie Mercury akiwa peke yake nje ya Queen. Lebo ya CBS, namba 86312. Mashine ya kuchezea ni ya mkanda (mota inazungusha sahani kwa mkanda wa mpira), nyuma imeandikwa 120V 60Hz, inakula umeme kupitia transfoma ya kushusha, halafu inaingia kwenye ampu ya zamani yenye tundu la PHONO (la mashine ya santuri).

Nikilinganisha na mtandaoni, kwenye santuri nyimbo zinaburuta na sauti ya Freddie ni nzito. Ngoma na vinanda navyo vimekaa tofauti. Wimbo wa mwisho wa kila upande, kila penye "s" panakwaruza, hasa spika ya kulia. Na Living on My Own haina ule mdundo wa disko tunaoujua. Ni feki, au miksi ya 1985 (jinsi sauti zilivyochanganywa studio) ndivyo ilivyo? Nataka kuihamishia kwenye kompyuta, ila sitaki kurekodi ubovu.

Fundi_Mkanda
Mkuu, hapo umefunga matatizo matatu kwenye fundo moja. Nianze na hilo la kuburuta, maana halihusiani na miksi hata kidogo. Miksi inaweza kubadili ukubwa wa ngoma au mwangwi wa sauti, lakini haishushi wimbo mzima ukawa mzito na wa polepole kwa pamoja. Huo ni mwendo wa sahani.

Transfoma inabadili volti tu, hezi (ile Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde) haigusi. Umeme wetu ni 230V 50Hz. Mota ya AC ya mashine za mkanda za zamani hufuata hezi, kwa hiyo mota ya 60Hz hapa Dar inazunguka kwa 50/60 ya mwendo wake. Badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata kama 27.8. Kwa masikio ni kushuka nusu-toni tatu na kidogo. Freddie akishuka hivyo lazima usikie mtu mwingine.

Pima hivi: bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, weka santuri na sindano juu yake (bila mzigo wa sindano kipimo si cha kweli), hesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Mashine nzima inatoa 100. Ukipata 83 hivi, jibu unalo.

Dawa ni kubadili puli ndogo iliyo kwenye mota. Puli ya 50Hz ina kipenyo mara 1.2 ya ile ya 60Hz. Usipoipata ya modeli yako, mchonga vyuma mwenye mashine ya kukereza anaichonga kwa shaba, lakini mpelekee ya zamani aipime kwa kaliipa. Kosa la 0.1 mm kwenye puli ya milimita 10 ni asilimia 1 ya mwendo, sikio linalisikia. Kama puli ina ngazi mbili (33 na 45), zote zichongwe. Wapo wanaozungushia selotepu kwenye puli ili inenepe. Wiki moja tu gundi inatoka na mkanda unateleza.

Mashine za mota ya DC au zinazoongozwa na kwazi (quartz) hazina shida hii, transfoma inazitosha.

Mji_Mkongwe46
Kwa upande wa matoleo: hiyo si feki kwa maelezo hayo. 86312 ndiyo namba ya CBS ya toleo la Aprili 1985. Angalia pia sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, namba hiyohiyo iwe imekwaruzwa pale pamoja na A au B ya upande.

Unachosikia mtandaoni mara nyingi ni toleo la 2019, lililochanganywa upya na Justin Shirley-Smith na Joshua J Macrae kutoka kanda za awali. Sauti ya Freddie ni ileile aliyoiimba kule studio ya Musicland, Munich, akiwa na mtayarishaji Mack, ila mpangilio wa ngoma na vinanda umeguswa. Binafsi naona la 2019 ni safi zaidi, lakini la 1985 lina ule ubaridi wa sinthesaiza za wakati wake, na ndiyo sababu ya kuitunza santuri.

Living on My Own unayoijua ni rimiksi ya No More Brothers ya 1993, iliyoshika namba 1 Uingereza. Rimiksi hiyo haimo kwenye santuri yako, usiitafute. Mtego mwingine: Made in Heaven na I Was Born to Love You zilitengenezwa tena na Queen kwa albamu yao ya 1995, gita la Brian May likiwa mbele. Ukilinganisha na hizo utachanganyikiwa bure. Hakikisha jina ni Freddie Mercury, siyo Queen.

(Mtoto wa Unguja huyo, na bado tunamsikiliza kwa hezi za Marekani.)

Sindano_Upanga
Mwisho wa upande: santuri inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa kama sm 51 kwa sekunde, wa ndani kabisa kama sm 21. Mawimbi ya "s" yanabanwa, sindano iliyochakaa haiyafuati. Spika ya kulia kuzidi ni dalili: ukuta wa nje wa mfereji ndio unaobeba sauti ya kulia, na mkono unavutwa ndani. Antisketi yako (kile kinachozuia mkono kuvutwa ndani) iko chini au haifanyi kazi.

Fuata mpangilio huu, usiruke: safisha santuri, badilisha sindano kama hujui umri wake, pima uzito wa sindano juu ya santuri, panga pembe ya katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) kwa karatasi ya kupimia, antisketi mwisho. Uzito upime kwa mizani ndogo ya kidijitali yenye 0.01 g. Audio-Technica VM95E, kwa mfano, inataka gramu 1.8 hadi 2.2, weka 2.0. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaionea huruma santuri. Sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba.

Kusafisha: maji yaliyokenekwa 400 ml, isopropanoli 100 ml, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Pangusa kufuata mifereji, suuza kwa maji matupu yaliyokenekwa, lebo isilowe. Ukinunua maji ya betri kama maji yaliyokenekwa, soma kibandiko, kuna ya kuongezea na kuna asidi. Spiriti ya hospitali iache, nyingine zina mafuta. Na hii ni kwa vinaili tu: zile santuri nzito za mizunguko 78 alkoholi inaziyeyusha.

Baada ya hayo yote, "s" ikibaki ileile mahali palepale, mfereji umeshachimbwa na mtu wa kabla yako. Hapo hakuna dawa.

Kijitonyama_LP
Nimehesabu: 83 na nusu. Shukrani Fundi. Wakati puli inachongwa, naweza kurekodi hivihivi nikarekebisha kwenye kompyuta?

Fundi_Mkanda
Unaweza kwa dharura. Kwenye programu ya Audacity tumia kubadili mwendo, kizidisho 1.2, siyo kile cha kubadili tempo pekee. Ila PHONO ya ampu inasawazisha besi na trebo kwa kutegemea mwendo sahihi, hivyo mizani ya sauti itapinda kidogo. Ningesubiri puli.

Siku ya kurekodi: toa kwenye tundu la TAPE OUT/REC la ampu, siyo la hedifoni. Biti 24, 96 kHz, kilele kisivuke −6 dB. Dakika 40 ni kama GB 1.4 ya WAV, FLAC (faili iliyobanwa bila kupoteza sauti) itapunguza sana. Mikwaruzo ifute mmoja mmoja kwa mkono, kisafisha kelele cha jumla kinakula mkia wa okestra kwenye wimbo wa Mr. Bad Guy. Na kama kuna mngurumo, funga ule waya mwembamba wa ethi wa mashine kwenye skrubu ya GND ya ampu kabla hujamlaumu mtu.